K3s kwenye kompyuta tatu: tathmini ya Kubernetes ndogo kwa ofisi za Dodoma

Chukua kompyuta tatu ndogo zilizofungwa K3s (Kubernetes ndogo, mfumo unaogawa na kusimamia programu kwenye kompyuta kadhaa), chomoa waya wa umeme wa mojawapo katikati ya saa za kazi, kisha nenda dirishani ukamwangalie mhasibu anayekata risiti. Asipogundua chochote, klasta, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja, imejengwa vizuri. Akisema "mfumo umekwama", kuna kiungo kimewekwa bila kueleweka, na karibu kila mara ni kimoja kati ya hivi vinne: daftari la etcd, hifadhi ya data, anwani ya kuingilia, au saa ya kompyuta. K3s yenyewe ni kazi nzuri sana. Tunaipendekeza bila kusita kwa ofisi ya Dodoma inayotaka mifumo yake ibaki ndani ya jengo, iwe ushirika wa wakulima wa zabibu Mpunguzi, zahanati ya Nkuhungu au mkandarasi mwenye kazi Mtumba. Ila inawekwa kwa amri moja tu, na urahisi huo unawaponza wengi.

Kwanza tuelewane: K3s ni Kubernetes kamili, imepita majaribio rasmi ya ulinganifu, na faili lililoandikwa kwa ajili ya Kubernetes kubwa linafanya kazi humu bila kubadilishwa. Kubernetes ilitangazwa na Google mwaka 2014, toleo la 1.0 likatoka Julai 2015. Jina ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani. Rancher Labs walitoa K3s mwaka 2019, na mwaka 2020 wakaikabidhi kwa Cloud Native Computing Foundation. Leseni ni Apache 2.0, hakuna ada. Walichofanya ni kufunga viungo vyote ndani ya faili moja lisilofika MB 100, kuondoa vya kampuni za wingu, na kuongeza vile ambavyo Kubernetes tupu inakuachia uvitafute mwenyewe: containerd ya kuendesha makontena (vifurushi vya programu pamoja na vyote inavyohitaji), Flannel ya mtandao wa ndani, CoreDNS ya majina, Traefik ya kupokea wageni kutoka nje, ServiceLB, hifadhi ya local-path na metrics-server.

Daftari na wanaolisoma

Moyo wa klasta ni daftari. Ndani yake kumeandikwa kila ulichoagiza: programu ya mauzo iwe na nakala 3, hifadhidata ipewe GB 20, cheti cha tovuti ni hiki. Kwenye klasta ya seva 3 daftari hutunzwa na etcd, na kila seva ina nakala yake. Viungo vingine havilifungui vyenyewe, vyote hupita kwa seva ya API inayosikiliza kwenye mlango 6443. Hiyo ndiyo mapokezi. Inakuuliza wewe ni nani, inakagua ruhusa zako, inapima kama ombi limeandikwa sawasawa, ndipo inaandika. Wengine wote wanakaa hapo hapo mapokezi kusikiliza kilichobadilika.

Mpangaji huzitafuta podi (makontena ya kuwashwa, tutazieleza hapa chini) ambazo hazijapewa mashine, anatazama ipi ina nafasi ya kutosha, anaandika jina la mashine, basi. Haanzishi chochote. Wasimamizi, ambao wako wengi ndani ya programu moja, wanafanya kazi ya unyapara: kulinganisha kilichoandikwa na kilichopo uwanjani, saa zote. Zimeandikwa nakala 3, zipo 2? Inaongezwa 1. Ndiyo maana kufuta podi kwa mkono hakuondoi programu: mnyapara anaona pengo, analiziba. Ukitaka programu iondoke, futa agizo lenyewe.

Sasa hesabu inayowakwaza watu. Katika etcd andiko linapita pale tu wajumbe walio wengi wanapokubali. Kwenye seva 3, walio wengi ni 2, kwa hiyo moja ikifa kazi inaendelea. Kwenye seva 2, walio wengi ni 2 vilevile. Ikifa moja, daftari linafungwa. Anayenunua seva 2 akidhani amepata akiba amejiongezea hatari, kwa sababu sasa ana mashine mbili zinazoweza kuharibika na anazihitaji zote mbili. Seva 4 zinavumilia kifo cha 1 tu, sawa na 3. Kwa hiyo ni 1, 3 au 5. Kwa ofisi tunazozizungumzia, 3.

Ukiweka K3s bila kutaja chochote, daftari linakuwa SQLite. Kwa mashine moja hilo ni sawa kabisa na linatumia RAM kidogo. Tatizo ni pale unapotaka kuongeza seva ya pili na inakataa, maana SQLite haigawanyiki. Huhitaji kuanza upya: washa seva ya kwanza tena ikiwa na `--cluster-init`, nayo itahamisha yaliyomo kwenda etcd.

Podi, agizo na huduma

Kwenye kila mashine kuna kubelet, ambaye huchukua orodha ya podi alizopangiwa na kumwambia containerd aziwashe. Docker, programu nyingine ya makontena, haihitajiki. Kubernetes iliondoa daraja lake na Docker kwenye toleo la 1.24 mwaka 2022, na imeji (faili ambazo makontena huwashwa kutoka kwake) ulizotengeneza kwa Docker zinaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Podi ni kontena moja au kadhaa yanayoishi pamoja kwa anwani moja. Haidumu. Ikifa inakuja nyingine yenye anwani nyingine, ndiyo maana hupaswi kuandika anwani ya podi mahali popote. Mbele yake unaweka huduma, yaani jina na anwani isiyobadilika inayogawa wageni kwa podi zilizo hai. Kwenye K3s podi hupata anwani za 10.42.0.0/16 na huduma 10.43.0.0/16. Kama mtandao wa ofisi yako tayari unatumia namba hizo, badilisha siku ya kwanza kabla ya kuwasha, kwa sababu baadaye ni kubomoa na kujenga upya.

Huandiki podi moja moja. Unaandika diploimenti, inayosema imeji gani, nakala ngapi, na jinsi ya kubadilisha toleo bila kuzima kazi. Kwa hifadhidata unatumia stetifuliseti, ambayo huipa kila podi jina la kudumu na hifadhi yake. Kwa kitu kinachotakiwa kuwa kwenye kila mashine, mfano kikusanya logi, ni daemoniseti. Kazi za usiku kama kutuma ripoti ni kronijobu.

Mistari miwili ya diploimenti ndiyo inayotenganisha klasta tulivu na klasta ya kila siku kupigiwa simu. Wa kwanza ni kiasi cha RAM na CPU unachoomba na kikomo chake. Ombi ndilo mpangaji analosoma, kikomo ndicho kernel inachosimamia. Ukiacha ombi, mpangaji anajaza mashine moja akidhani podi zako hazili kitu. Ukiweka kikomo cha RAM kidogo mno, kontena linauawa na unaona `OOMKilled` na namba 137. Pima kwanza kwa `kubectl top pod` (`kubectl` ni amri ya kuongea na klasta) siku ya mwisho wa mwezi, siyo Jumapili.

Wa pili ni vipimo vya uhai. Kuna kinachouliza "uko tayari kupokea wageni?" na kinachouliza "bado uko hai?". Cha kwanza kikishindwa, podi inatolewa kwenye huduma bila kuuawa. Cha pili kikishindwa mara 3 mfululizo, kontena linawashwa upya. Kipimo, usipokibadilisha, hurudiwa kila sekunde 10, na programu ya Java inayochukua sekunde 50 kuamka haitafika popote: itauawa kabla haijaamka, itaanza tena, itauawa tena. Kubernetes inasubiri sekunde 10, kisha 20, 40, hadi kufika dakika 5 kati ya jaribio na jaribio, na wewe unaona `CrashLoopBackOff`. Dawa ni kuweka kipimo cha tatu, cha kuamka, kinachozuia hivyo viwili hadi programu isimame.

Kuisimika bila kujutia

Kwa seva, K3s inataka angalau CPU 2 na RAM GB 2. Hiyo ni ya K3s peke yake. Ukitaka kazi ya kweli, nunua mashine 3 zinazofanana zenye GB 16 na SSD ya GB 256 au zaidi, pamoja na swichi ya gigabiti. Kabla ya kugusa K3s fanya haya: zipe mashine anwani zisizobadilika, kila moja jina lake la pekee, na chrony ya kusawazisha saa. Anwani ikiachiwa ruta igawe, siku ruta itakapobadilisha, etcd itawatafuta wenzake kwenye anwani za zamani na haitawapata.

Kwenye seva ya kwanza andika `/etc/rancher/k3s/config.yaml`:

```
cluster-init: true
node-ip: 10.10.5.11
tls-san:
  - 10.10.5.10
secrets-encryption: true
```

Kisha endesha `curl -sfL https://get.k3s.io | INSTALL_K3S_VERSION=... sh -`, ukitaja toleo kamili badala ya kuliacha lichague lenyewe. Chukua tokeni, yaani neno la siri la kujiunga na klasta, kwenye `/var/lib/rancher/k3s/server/node-token`. Kwenye seva ya pili na ya tatu faili ni lile lile, ila ondoa `cluster-init`, weka `server: https://10.10.5.11:6443` na tokeni, na anwani ya mashine husika. Mistari mingine ilingane herufi kwa herufi, maana seva zenye mipangilio tofauti hukataliwa kujiunga. Ile 10.10.5.10 haina mashine. Ni anwani inayoelea, tutaifikia.

Fayawoli. Kati ya mashine zenyewe ruhusu TCP 6443, 2379 hadi 2380 na 10250, na UDP 8472. Kwenye Ubuntu yenye ufw ruhusu pia mitandao ile miwili ya podi na huduma. Hiyo 8472 ndiyo inayobeba mazungumzo ya podi za mashine tofauti, na ikizibwa dalili zake zinadanganya sana: `kubectl get nodes` inaonyesha zote `Ready`, podi zote `Running`, lakini programu inapata hifadhidata leo na kesho haipati. Sababu ni kwamba CoreDNS iko kwenye mashine moja, na podi zilizobahatika kukaa nayo zinapata majina huku za jirani zikisubiri hadi zichoke. Ukiona majina yanapatikana mashine hii na hayapatikani ile, usihangaike na programu, nenda moja kwa moja kwenye UDP 8472. Na mlango huo usionekane kabisa kutoka intaneti.

Kitu kingine: Traefik inachukua mlango 80 na 443 wa kila mashine. Kama palikuwa na Apache inayotumikia tovuti ya ofisi, itabaki imewaka lakini wageni hawataifikia. Ama hamishia tovuti hiyo ndani ya klasta, ama weka K3s na `--disable=traefik`.

Waya unapochomolewa

Turudi kwa mhasibu. Sekunde ya 0 mashine inazimika. Kubelet wake alikuwa akisaini daftari kila sekunde 10 kuonyesha yupo, sasa kimya. Sekunde 40 hadi 50 baadaye, kutegemea toleo, nodi, yaani mashine hiyo ndani ya klasta, inaandikwa `NotReady` na podi zake zinatolewa kwenye huduma. Hapo wageni hawapelekwi tena kwenye mashine mfu. Lakini podi mpya hazijaanzishwa. Kubernetes inasubiri dakika 5 zaidi, ikidhani huenda mtandao umeyumba tu, ndipo inaagiza mbadala. Kwa hiyo programu yenye nakala 1 iliyokuwa kwenye mashine hiyo itapotea kwa karibu dakika 6. Yenye nakala 2 kwenye mashine mbili itayumba chini ya dakika moja. Hakikisha hizo nakala mbili haziko mashine moja, kwa kuweka `topologySpreadConstraints`. Dakika 5 zinapungua ukiweka `tolerationSeconds: 30` kwenye podi husika. Usishuke zaidi ya hapo, maana swichi ikijiwasha upya utahamisha kila kitu bure.

Hapa ndipo K3s inastahili lawama yetu kubwa. Traefik na CoreDNS huja na nakala moja moja. Unaweza kuwa na seva 3, programu yenye nakala 3, na bado ofisi nzima ikakwama dakika 6 kwa sababu Traefik pekee ilikuwa kwenye mashine iliyozimika. Kitu kinachojitangaza kuvumilia kifo cha seva hakikupaswa kutoka kiwandani hivi, walau seva zikishafika 3. Kurekebisha ni rahisi. CoreDNS:

`kubectl -n kube-system scale deployment coredns --replicas=2`

Traefik usiibadilishe kwa mkono, K3s itairudisha ilivyokuwa. Weka faili hili kwenye `/var/lib/rancher/k3s/server/manifests/traefik-config.yaml`:

```
apiVersion: helm.cattle.io/v1
kind: HelmChartConfig
metadata:
  name: traefik
  namespace: kube-system
spec:
  valuesContent: |-
    deployment:
      replicas: 2
```

Bado kuna anwani. Kompyuta za ofisini zinaelekezwa wapi? Zikielekezwa 10.10.5.11 na mashine hiyo ndiyo iliyochomolewa, zile mbili zilizobaki hazisaidii kitu. Weka kube-vip au keepalived ishike 10.10.5.10 na kuihamisha yenyewe kwenda mashine iliyo hai. Ndiyo sababu anwani hiyo iliandikwa kwenye `tls-san` mapema, ili cheti cha seva ya API kiitambue. Nodi za wafanyakazi, yaani mashine zinazoendesha podi tu bila kutunza daftari, hazina shida hii: zikishajiunga, K3s inazikumbusha seva zote na zinachagua iliyo hai.

Data haihami

Hifadhi inayokuja na K3s, local-path, ni folda tu kwenye diski ya mashine moja. Ni ya kasi na haina ujanja wowote. Podi ya hifadhidata ya PostgreSQL iliyopewa folda kwenye nodi ya 2 haiwezi kuwaka nodi ya 3, kwa sababu data haiko huko. Nodi ya 2 ikifa, mbadala utakaa `Pending` hadi mashine irudi. Watu huona `Pending` wakadhani RAM haitoshi, wakaanza kufuta programu nyingine. Soma `kubectl describe pod`: ukikuta `volume node affinity conflict`, ni hili.

Njia ni mbili. Longhorn, programu ya hifadhi, hunakili kila hifadhi kwenye mashine 2 au 3. Inahitaji open-iscsi kwenye kila nodi, inakula RAM na CPU yake, na kila andiko linasafiri mtandaoni, kwa hiyo swichi ya megabiti 100 itakuangusha. Njia ya pili ni kuiacha hifadhidata kwenye local-path na kuiachia PostgreSQL yenyewe inakili kwenda nodi nyingine. Kwa hifadhidata moja muhimu sisi tunaona njia ya pili ni bora, maana PostgreSQL inajua data yake kuliko diski inavyoijua. Longhorn iwe ya mafaili na programu ndogo ndogo.

Stetifuliseti zina ukaidi wa makusudi. Mashine ikizimika ghafla, podi yake haibadilishwi kwa sababu klasta haina uhakika kama kweli imekufa, na hifadhidata mbili zikiandika data moja ni maafa. Itakaa `Terminating`. Ukishaenda ukaona kwa macho kwamba mashine imezima, iwekee nodi alama ya `node.kubernetes.io/out-of-service=nodeshutdown:NoExecute` na podi itahama. Usiweke alama hiyo ukiwa nyumbani kwa kubahatisha.

Umeme, saa, vumbi

Diski ndiyo inayoiua etcd. Kila andiko lazima lishuke kwenye diski kabla ya kukubaliwa, na asilimia 99 ya maandiko hayo yanatakiwa kumalizika chini ya milisekunde 10. SSD ya kawaida inaweza. Diski ya kuzunguka inapata shida, na kadi ya SD ya Raspberry Pi itachoka baada ya miezi ya kuandikwa usiku na mchana. Ukikuta `apply request took too long` kwenye `journalctl -u k3s`, acha kulaumu mtandao, pima diski. Umeme ukikatika katikati ya andiko kwenye SSD ya bei ya chini, faili la etcd linaweza kuharibika. Kwa mjumbe mmoja si neno, unamwondoa na kumwingiza upya. Ila seva zote 3 zikiwa kwenye soketi moja, zinaweza kuharibika pamoja, na hapo zile tatu hazina maana.

Hesabu ya akiba ya umeme si ngumu. Kompyuta 3 ndogo, swichi na ruta zinaweza kula wati 80 hivi. Nunua kipimo cha soketi ujue zako. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina Wh 1,200, na kama ni ya risasi usivuke nusu, kwa hiyo 600. Toa kinachopotea kwenye inveta, gawa kwa 80, unabaki na kama saa 6. Hakikisha swichi iko kwenye akiba hiyo hiyo. Seva zinazowaka bila swichi hazionani, na seva isiyoona wenzake ni sawa na iliyozimika.

Kisha kuna saa. Ndani ya kila kompyuta kuna betri bapa ya CR2032 inayotunza saa umeme ukizimwa. Kwenye mashine zilizotumika, zile zinazouzwa kwa bei nafuu, betri hiyo mara nyingi imeisha. Umeme unarudi, kompyuta inaamka ikidhani ni miaka kadhaa iliyopita, vyeti vya K3s vinaonekana havijaanza kutumika, na logi inajaa `x509: certificate has expired or is not yet valid`. Kama intaneti nayo haijarudi, chrony haina pa kuuliza saa. Badilisha betri zote 3 siku ya kusimika, na uifanye ruta au mashine moja iwe chanzo cha saa cha ndani. Vyeti vyenyewe hudumu siku 365 na huhuishwa K3s inapowashwa upya muda wake ukikaribia. Klasta inayojivunia kutozimwa mwaka mzima siku moja itakataa kila mtu. Panga kuiwasha upya.

Vumbi la kiangazi, upepo unapovuma kuanzia Juni, linajaa kwenye feni za kompyuta hizi ndogo kuliko watu wanavyodhani, na mashine ikipata joto inapunguza kasi yenyewe kimya kimya. Uzuri wa klasta ni kwamba unaweza kusafisha mchana wa kazi. `kubectl drain nodi-2 --ignore-daemonsets --delete-emptydir-data`, subiri podi zihamie kwingine, zima, fungua, puliza, washa, `kubectl uncordon nodi-2`. Zilizo kwenye local-path zitasubiri mashine irudi, kwa hiyo nodi ya hifadhidata iwe ya mwisho na kwa taarifa. Moja kwa wakati, na usiende ya pili kabla ya kwanza haijasema `Ready`.

Intaneti ikiondoka

Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti iliyumba nchi nzima. Klasta ya ndani ya jengo inapaswa kuendelea, na K3s inaweza, ila kuna mtego mmoja mdogo: imeji yenye alama ya `latest`. Kubernetes ikiona `latest` inakwenda kuuliza rejista, yaani ghala la imeji, kila podi inapowaka. Rejista isipopatikana podi haiwaki, inabaki `ImagePullBackOff`, hata kama imeji yenyewe imekaa kwenye diski pale pale. Taja toleo kamili, mfano `mauzo:2.4.1`, na itatumia iliyopo. Pia Docker Hub ina kikomo cha upakuaji kwa wasiojisajili, na ofisi nzima inayotoka kwa anwani moja ya nje inahesabiwa kama mtu mmoja. Weka rejista ya ndani na uitaje kwenye `/etc/rancher/k3s/registries.yaml`. Kwa kusimika bila intaneti kabisa, pakua faili la imeji la toleo lako mahali penye intaneti nzuri, libebe kwenye flashi, liweke `/var/lib/rancher/k3s/agent/images/`. Hili K3s imelifanya vizuri kuliko mshindani yeyote tunayemjua.

Kuhusu siri, yaani nenosiri la hifadhidata na mfano wake: Kubernetes huziweka kwa base64, ambayo mtu yeyote anaifungua. Mstari wa `secrets-encryption` kwenye faili la mwanzo ndio unaozifunga kwenye daftari. Zahanati na SACCOS zizingatie hili, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na inaweka masharti kwa anayezipeleka nje ya nchi.

Asiyeihitaji, na anayeihitaji afanye nini kila mwezi

Ofisi yenye mashine moja na programu tatu haihitaji haya yote. Docker Compose na nakala ya akiba ya kila usiku vinatosha, na mtu wa kuvitunza hapatikani kwa shida. K3s inalipa unapokuwa na mfumo ambao ukisimama saa moja kuna watu kwenye foleni, na una angalau watu wawili wanaoweza kusoma logi. Mmoja hatoshi, naye huenda likizo.

Toleo jipya la Kubernetes hutoka mara 3 kwa mwaka na kila moja hutunzwa takriban miezi 14. Panda ngazi moja moja, usiruke, seva kwanza moja baada ya nyingine, wafanyakazi baadaye. Kabla ya kupanda, `k3s etcd-snapshot save`. K3s yenyewe huchukua nakala ya daftari kila saa 12 na kubakiza 5, lakini inaziweka kwenye diski ile ile unayoiogopa, `/var/lib/rancher/k3s/server/db/snapshots`. Zipeleke kwingine kila siku. Na tokeni ya seva ihifadhiwe pamoja nazo, kwa sababu bila tokeni ile ya awali nakala haifunguki. Kumbuka pia kwamba nakala hizo ni za daftari tu. Data ya PostgreSQL haimo, inahitaji `pg_dump` yake.

Mara moja kwa mwezi, kwenye kompyuta ya nne isiyo na kazi na isiyounganishwa na mtandao wa klasta, weka K3s toleo lile lile, ipe tokeni na nakala ya jana, endesha `k3s server --cluster-reset --cluster-reset-restore-path=` ukifuatisha njia ya faili, kisha iwashe kawaida. `kubectl get deploy -A` ikitoa orodha unayoifahamu, rudisha na ile dampo ya PostgreSQL, fungua programu, tafuta risiti ya mwisho ya jana jioni na uilinganishe na ile ya karatasi iliyoko kwa mhasibu.